Kuoza Mara Mbili

Novemba, pwani ya Jæren, upepo wa magharibi
umetapika mwani usiku kucha.
Asubuhi lundo lina kimo cha ng'ombe aliyelala,
jeusi, linateleza, linanuka yai viza
na kitu kingine ambacho Gudlaug Haugland
hukiita kwa ufupi: viazi.

Ana miaka sabini na mitatu, uma wa meno manne,
trekta lisilo na namba,
na shamba juu ya kokoto
linalolishwa mwani tangu babu wa babu yake.
"Chimba hapo," ananiambia. Nachimba.
Mvuke unatoka.
Maji ya ndoo yameshika utando wa barafu;
kipimajoto changu, ndani ya lundo,
kinasoma thelathini na moja.

Na humo, wao.
Nzi wa mwani: bapa, kana kwamba aliyewachora
alifunga daftari wino haujakauka,
miguu ya manyoya, rangi ya chai iliyolala.
Wimbi likiwafunika
huibuka wakavu, kama watu waliosingiziwa.

Mabuu hawali mwani wenyewe hasa.
Wanawala walao mwani, vijidudu visivyoonekana,
ute, mchuzi wa maozo,
vichwa chini, mikia juu ikivuta hewa,
weupe, maelfu, wakitokota bila moto.
Kisha pupa: ganda la kahawia, kimya,
kitu pekee lundoni kisicho na pupa.

Ila haraka ipo. Kalenda yao ni mwezi.
Maji ya bamvua yaliyoleta lundo
ndiyo yatakayorudi kulichukua,
na katikati, maji yakiwa mafu,
yai liwe buu, buu liwe pupa, pupa iote bawa.
Dume kubwa huchelewa kukua, kisha hung'ang'ania;
jike humpokea kwa mateke.
Dume dogo halina kifua, lakini huwahi.
Bahari ikirudi mapema, madogo yamekwisha kuruka.
Ikichelewa, makubwa yanatamba.
Mashauri hayo bado hayajahukumiwa.

Gudlaug anauliza: wengine wanaishi wapi?
Namchorea kwa kidole kwenye tope la trekta:
Bretani, Ailandi, Aisilandi,
ng'ambo kabisa, fukwe za Kanada.
Naingiza kidole bahari ya Baltiki, nakisimamisha.
Huko chumvi inapungua, mwani unadumaa,
na nzi huishia mwani unapoishia.
"Kama wakwe zangu," anasema.
"Hawakuvuka hatua moja mbele ya chakula."

Jumamosi tulikwenda mjini, kwa Tollak dobi,
kuchukua koti la arusi la marehemu Asbjørn.
Mjukuu, Eirik, anaoa Desemba
na koti linamkaa, isipokuwa mikono.
Dirisha la Tollak lilikuwa jeusi kwa nzi.
Bado anatumia dawa ya zamani ya madoa;
harufu yake huwaita, sijui inawaambia nini,
wanaacha ufuko, wanapita nyumba za watu,
wanakuja kugonga kioo cha dobi.
Tollak aliwapiga kwa gazeti, akiapa kwa shetani
na kwa halmashauri ya mji.

Wanne walitua kwenye kola.
Gudlaug hakuwafukuza.
"Asbjørn alikuwa na hawa kwenye ndevu
siku aliyoniposa. Tulikuwa tunapakia mwani.
Nilimkubali ili aache kusimama upande wa upepo."

Lugha yangu ina neno moja:
mwani unaoza, na mzazi anaoza.
Nilijaribu kumfasiria njiani, Kinorwe changu kikakatika,
nikaishia kutumia mikono.
Alinitazama kwa muda.
"Sisi tuna maneno mawili," alisema, "lakini naelewa."

Usiku wa Jumapili mwezi ulijaa.
Jumatatu hapakuwa na lundo, wala alama ya uma,
mchanga tu uliopigwa pasi,
na ndege wawili wakipindua mawe bila matumaini.
Nusu ya mwani tulikuwa tumeshapandisha shambani.
Ndani ya kioo cha trekta,
dume dogo,
akipangusa miguu.